Tuhesabieni Wafu Kabla ya Kura

Kampeni za 2027 zimeanza, tume ya uchaguzi ipende isipende. Zimeanzia matangani, kama ilivyo desturi yetu, na katika matanga yote hakuna yanayowavuta wanasiasa wa Machakos kama ya mwanajeshi.

Aliyewahi kuhudhuria mazishi ya askari huku Kola anajua yanavyokwenda. Jeneza liko chini ya hema, limefunikwa bendera ya taifa, na juu ya bendera imewekwa kofia ya marehemu. Wenzake waliotumwa kuja kumzika wamesimama kando, sare zimepigwa pasi zikakakamaa, mikono nyuma, macho mbele. Mjane yuko kiti cha mbele, mtoto mdogo amemlalia mapajani. Mchungaji amemaliza. Ndipo mfawidhi anapokamata kipaza sauti na kutangaza kwamba leo tumebahatika, waheshimiwa wamefika, itifaki izingatiwe, tuanze na mwakilishi wadi. Kuanzia hapo marehemu hayupo tena. Mheshimiwa wa kwanza anatoa rambirambi kwa sentensi moja, kisha anaingia kwenye barabara na visima. Wa pili anamjibu wa kwanza. Wa tatu, anayeunyemelea ugavana, anajigeuza nusu ili mpiga picha wake aupate uso na bendera kwa pamoja. "Shujaa wetu," anasema, na kuchungulia karatasi ya ratiba asije akakosea jina.

Mimi huwaangalia wale vijana wenye sare. Katiba ya 2010, kifungu cha 239, inakikataza kila chombo cha usalama na kila aliyemo kuegemea upande au kuendeleza maslahi ya chama chochote. Kwa hiyo hawapigi makofi. Hawazomei. Hata kuondoka hawawezi, kwa kuwa mwenzao bado hajazikwa. Wamesimama pale kama pazia la jukwaani, na mwanasiasa anajua fika kwamba pazia halina mdomo. Sheria iliyotungwa kumkinga askari na siasa ndiyo hiyo hiyo inayomnyima nafasi ya kukataa kutumiwa. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini sidhani walikusudia ifike huku.

Na kuna ile sifa. Haikosi. Ninyi Wakamba ni watu wa jeshi, tunaambiwa, uaminifu mmezaliwa nao. Vigelegele! Wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Laiti tungeuliza sifa hiyo ilitoka wapi. Haikutungwa na babu zetu. Ilitungwa na maafisa wa Kiingereza waliokuwa wakitafuta vijana wa kupigana kwa gharama ndogo, wakagawanya makabila ya Afrika Mashariki kama mnunuzi agawanyavyo mbuzi mnadani: hawa wa vita, hawa wa jembe, hawa wa ukarani. Kabla yao Mkamba alijulikana kwa biashara. Kivoi, mwenyeji wa Ludwig Krapf wakati mmisionari huyo alipouona Mlima Kenya mwaka 1849, alikuwa tajiri wa misafara ya pembe za ndovu, si koplo.

Kijana wa huku Kalama hakwenda KAR, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki, kwa sababu damu ilimwita. Alikwenda kwa sababu kodi ilidaiwa kwa pesa taslimu, mvua ilikuwa imekataa, na mshahara wa askari ulikuwa nafuu kuliko ujira wa shamba la mzungu. Hiyo si aibu. Ni kazi, na aliifanya vizuri. Aibu ni ya mheshimiwa wa leo anayesimama sokoni Kola kutuvika kilemba cha ukoka kilichosukwa na mkoloni, akidhani ametuheshimu.

Mkoloni mwenyewe aliwaheshimuje hao aliowasifu? Vita vya Kwanza vya Dunia vilimeza mamia ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, waliobeba vyakula na risasi za jeshi la Uingereza likimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kutoka pori moja hadi jingine. Waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, wanakadiriwa kukaribia 100,000. Tunakadiria kwa sababu waliowachukua hawakujishughulisha kuweka daftari la maana. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebaki na jina la kikosi chao, na pale Kenyatta Avenue wapo wale watu watatu wa shaba, waliosimamishwa tangu miaka ya 1920, na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayoahidi kwamba watoto wa waliokufa watayakumbuka majina yao. Zunguka sanamu hiyo uyatafute majina. Hakuna hata moja. Ilibidi kusubiri hadi 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walifia himaya bila jina lao kuandikwa popote, au bila kukumbukwa kabisa. Tazama pengo lililopo kati ya 116,000 na 350,000. Baada ya miaka mia moja, ndivyo walivyohesabiwa.

Vita vya pili vikaja, vijana wa Ukambani wakapelekwa Abisinia, Madagaska, Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, huko Burma, katika mvua na matope, ikiwasukuma Wajapani nyuma. Ilipofika wakati wa kuwalipa kiinua mgongo, rangi ikaamua: nyaraka zilizofichuliwa na Al Jazeera mwaka 2019 zinaonyesha kwamba askari mweusi wa cheo cha chini alipewa takriban theluthi ya alichopewa mweupe wa cheo hicho hicho kwa kila mwezi wa utumishi. Risasi ya Mjapani haikuwa na bei mbili.

Lakini katikati ya vita hivyo viwili kuna kisa ambacho mheshimiwa hakitaji kamwe, na ndicho kinachonifanya niandike. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Ardhi yenyewe ilikuwa imefinywa na serikali hiyo hiyo, lakini hilo liliachwa pembeni. Ng'ombe wakaanza kukamatwa na kuuzwa kwa nguvu, na haikuwa siri kwamba kiwanda cha nyama cha Liebig, Athi River, kilikuwa kikiwangoja kwa hamu. Wazee wetu hawakuimba wimbo wa uaminifu. Chini ya Muindi Mbingu na Ukamba Members Association, maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walitoka Machakos wakaenda Nairobi kumtaka gavana uso kwa uso, na wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa, wakikataa kurudi.

Gavana alikuwa Robert Brooke-Popham, mwanajeshi wa anga aliyezoea amri kutekelezwa. Angeweza kuwatawanya kwa virungu. Kilichomtatiza yeye na maafisa wake ni hesabu: waliokaa pale chini walikuwa baba, mama na wake wa askari wa KAR na wa polisi. Sehemu kubwa ya bunduki za koloni ilikuwa mikononi mwa watoto wa watu hao, na Ulaya vita vilikuwa vinanukia. Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Kabla mwaka haujaisha, serikali ikaachana na uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu. Leo Mbingu ana barabara yake katikati ya Nairobi, pale soko la City Market, na wengi tunaipita tukitafuta matatu bila kujua tunamkanyaga nani.

Ndivyo waliovaa sare walivyotumiwa na watu wao kabla hatujavishwa vilemba. Wazee wa 1938 walijua kwamba jasho la kijana wao jeshini ni deni, na deni hudaiwa. Walilidai, wakalipwa ng'ombe wao. Sisi tunamwachia mdeni kipaza sauti, tena tunamkaribisha pilau.

Uhuru haukuleta nafuu kubwa. Mwaka 1971, katika kesi ya njama ya mapinduzi, jina la Meja Jenerali Joseph Ndolo, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa majeshi ya Kenya, lilitajwa mahakamani, akalazimika kung'atuka. Gideon Mutiso, mbunge wa Yatta, alifungwa miaka 9 na nusu. Sitaki kuifufua kesi hiyo hapa. Nataka tu vijana wanaovalishwa bereti na kupigishwa saluti nyuma ya magari ya kampeni, eti jeshi la mheshimiwa fulani, wajue kwamba siasa ilipogusana na sare katika nchi hii, walioumia hawakuwa Nairobi pekee, walikuwa na wa huku kwetu. Majirani zetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2019 serikali iliitangaza bereti nyekundu kuwa mali ya jeshi, na wafuasi wa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine waliokuwa wakiivaa wakawa wahalifu kwa kofia. Uwanja wa siasa ukijaa mavazi ya kivita, mwenye vifaru ndiye huamua nani kavaa vibaya.

Sasa tuje kwenye jeraha ambalo bado bichi. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi letu, KDF, huko El Adde, Somalia. Wangapi walikufa? Mimi sijui, wewe hujui, na mama aliyepokea jeneza hajui mwanawe alikuwa wa ngapi, kwa sababu serikali ya Kenya haijawahi kutangaza idadi. CNN ilifanya uchunguzi wake ikafikia 141. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kati ya 180 na 200. Mwandishi wa habari Yassin Juma, aliyethubutu kuandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo, alikamatwa. Mwaka mmoja baadaye likaja shambulio la Kulbiyow, kambi nyingine ya KDF huko Somalia. Miezi michache baada ya Kulbiyow tukapiga kura, na majukwaa yakajaa mashujaa wetu huku, mashujaa wetu kule, na mimi sikumsikia mgombea mkubwa hata mmoja akisimama kusema: nikiingia, idadi mtaipata.

Nimesikia utetezi wao. Eti kutaja idadi kunavunja moyo wa wanajeshi na kumfurahisha adui. Adui alikuwepo! Alipiga video, akaitangaza dunia nzima. Anayefichwa si adui, ni mama wa Kola. Marekani hutangaza jina la kila askari wake anayeuawa vitani mara tu baada ya familia kujulishwa, na ukutani pale Washington yamechongwa majina zaidi ya 58,000 ya waliokufa Vietnam, katika vita walivyoshindwa. Jeshi lao halijasambaratika kwa sababu ya majina. Moyo wa askari huvunjwa na jambo jingine: kujua kwamba akianguka atageuka kuwa siri ya taifa siku ya kazi, na mtaji wa kampeni siku ya mazishi.

Na tusisahau Juni 2024. Vijana waandamanaji walipoingia Bunge tarehe 25, siku hiyo hiyo waziri wa ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alichapisha katika gazeti rasmi la serikali agizo la kulitoa jeshi kusaidia polisi. Yule shujaa wetu wa matangani akateremshwa barabarani kumkabili mdogo wake aliyebeba simu, bendera na chupa ya maji. Sikumsikia mheshimiwa wa matangani akiuliza kama ndiyo kazi aliyoapia.

Wenye kupenda kusoma nia mbaya watasema nataka askari wastaafu wafungwe midomo, au kwamba nachukia siasa. La. Mimi nina mgombea wangu, nitamvalia fulana, nitapanda pikipiki nyuma ya msafara wake nikimeza vumbi la barabara ya Wote kama mwenzangu yeyote. Simtaji hapa kwa sababu naye hajajibu ninayouliza. Mwanajeshi akishavua sare ni raia kamili. Jenerali Jackson Mulinge alistaafu mwaka 1986, akaingia bungeni kwa tiketi ya Kathiani, akawa waziri, na ilikuwa haki yake. Mzee aliyetumikia Kenya Rifles miaka yake yote anaruhusiwa kuning'iniza bango la chama langoni kwake na kugombana na jirani kuhusu siasa hadi jioni. Tena ningependa wafanye hivyo zaidi. Wanaotisha wanasiasa ni hao walio hai, na ndiyo maana kampeni zinawapenda waliokufa. Maiti haiulizi pensheni imekwama dawati gani.

Ukitaka kujua heshima yetu ina urefu gani, fuatana na mjane baada ya hema kung'olewa. Barua ya chifu. Nakala za vitambulisho. Cheti cha kifo. Ithibati kwamba ndoa ilikuwa ndoa, ingawa mahari ililipwa mbele ya ukoo mzima na hakuna aliyefikiria kuandikisha. Jina kwenye kitambulisho lina herufi moja tofauti na la kwenye faili la jeshi, rudi nyumbani ukaape kiapo kwa wakili. Nauli ya Nairobi, kisha nauli tena. Karatasi zote hizo anazitunza kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo pamoja na medali, kwa kuwa ndilo lisilopitisha maji mvua ikivuja. Katika safari hizo hajawahi kukutana na mheshimiwa hata mmoja kwenye foleni, wala na yule aliyeahidi mbele ya jeneza kwamba "ofisi yangu iko wazi".

Bunge lilikwisha kutunga Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022, inayohusu usimamizi wa mambo yao, mafao yao na ya wanaowategemea. Waheshimiwa, ni nani kati yenu ameisoma? Wangapi mmewahi kusimama bungeni mkamtaka waziri aeleze imefika wapi, imesajili nani, imelipa nini? Kumbukumbu za bunge huandikwa, tunaweza kuzifungua. Kila tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF, mnaweka picha ya bendera kwenye kurasa zenu za mitandaoni. Picha haina gharama. Swali bungeni halina gharama vilevile, ila humkera mkubwa wa chama, na hapo ndipo ushujaa wenu unapokomea.

Tarehe 10 Agosti 2027 ndiyo siku ya kura. Kabla ya hapo mtapita Kola mara nyingi, kwa magari na kwa helikopta, na sisi tutakuja kuwasikiliza kwa sababu tunapenda siasa kuliko tunavyokiri. Njooni. Ila yeyote atakayetamka neno mwanajeshi sokoni kwetu aje na msimamo alioutia sahihi: idadi na majina ya wa El Adde yatatangazwa au hayatatangazwa, sheria ya 2022 itatengewa fedha kiasi gani katika bajeti ya kwanza, jeshi litatolewa barabarani dhidi ya raia tena au la. Asiye na msimamo azungumzie maji, bei ya maembe na barabara, tutamsikiliza pia. Wafawidhi wa mazishi nao wanaweza kutufanyia hisani: mbele ya jeneza lenye bendera wazungumze familia, kanisa na jeshi, halafu mwili uende kaburini. Waheshimiwa wanaotaka kusema wasubiri nje ya boma, wavutane huko na watakaotaka kuwasikia.

Na siku ya mkutano sokoni, mama mwenye kopo la Kimbo akisimama kuuliza, vijana wa mheshimiwa wasithubutu kumzimia kipaza sauti. Tutakuwa tumekaa naye safu ya mbele.